Beki hapimwi kwa nyota

Jumamosi moja asubuhi nilikuwa kwa kinyozi wetu hapa Coralville, pembeni kabisa ya Iowa City, nikisubiri zamu. Watu watano walikuwa mbele yangu, na watatu wao walivaa fulana nyeusi na njano za timu ya Chuo Kikuu cha Iowa. Shemeji yangu alikuwa amekuja kututembelea kutoka Columbus, Ohio, na kofia yake nyekundu ya Ohio State hakuivua hata mlangoni. Hakukaa dakika tano akaanza.

"Shemeji, nimeiona orodha yenu ya usajili. Nyota tatu, nyota tatu, nyota tatu. Mmesajili mabeki au mmesajili watazamaji?"

Kabla sijafungua mdomo, mzee mmoja wa Uvira aliyekuwa kitini, nusu ya kichwa kimenyolewa na nusu bado, akamtazama kupitia kioo. "Bwana mdogo, ule mutoto wa Odebolt alikuwa na nyota ngapi?"

Kinyozi akazima mashine ili asikie vizuri.

Kwa asiyefuatilia futiboli ya Kimarekani ya vyuo, ligi hii huvuta wachezaji wapya kutoka sekondari. Vijana wanaoingia chuoni mwaka mmoja huitwa darasa: darasa la 2026, darasa la 2027. Kuna tovuti zinazowapa nyota, kuanzia mbili hadi tano, kisha zinajumlisha na kupanga vyuo kwa ubora wa darasa. Wengi hutia sahihi mwezi Desemba, na mashabiki huzipigia hesabu nyota hizo mwaka mzima, kama watu wa Simba na Yanga wanavyokesha na habari za usajili. Ila huku anayesajiliwa ana miaka 17, na bado anaishi kwa mama yake.

Hoja yangu inahusu mabeki peke yao, wale wanaokaa nyuma kuwazuia wapokeaji wa pasi. Kwa nafasi nyingine nyota zinaweza kukupa picha. Mlinzi wa mstari wa mbele mwenye mwili mkubwa na miguu myepesi utamtambua tangu shuleni. Beki hapana. Anayedai kumjua beki bora wa kesho kwa kutazama orodha ya leo anabahatisha, na baya zaidi ni kwamba anamshusha hadhi kijana ambaye hajaanza hata kufundishwa kazi yenyewe.

Ukitaka ushahidi, anza na majina ambayo shemeji mwenyewe anaapa kwayo. Ligi yetu ya Big Ten ina tuzo ya beki bora wa mwaka inayoitwa Tatum-Woodson. Jack Tatum alifika Ohio State kama mkimbiza mpira, si beki. Ni kocha msaidizi, Lou Holtz, aliyemshawishi bosi wake Woody Hayes wamhamishie kwenye ulinzi. Charles Woodson naye ni mtoto wa Fremont, Ohio, na alipotangazwa mchezaji bora wa sekondari wa jimbo zima mwaka 1994 alikuwa akisifiwa kwa kukimbiza mpira. Akavuka mpaka kwenda Michigan, na mwaka 1997 akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo vyote, mbele ya mrusha pasi Peyton Manning, mchezaji wa kwanza aliyekuwa beki hasa kuipata. Msimu huo dhidi ya Ohio State alirudisha mpira yadi 78 hadi mwisho, na baadaye akanasa pasi ndani ya eneo la kufungia. Mechi ikaisha 20 kwa 14. Nilipomkumbusha shemeji hilo, aliishika kofia yake akaisogeza nyuma kidogo.

Nikiulizwa beki mkubwa kuliko wote wa vyuo, kwa msimu mmoja jibu langu ni Woodson wa 1997. Najua wapo wanaomtaja Deion Sanders wa Florida State, na wengine watakwambia Ed Reed wa Miami, aliyempokonya mpira mchezaji mwenzake mikononi mwaka 2001 dhidi ya Boston College akakimbia nao yadi 80. Sibishani nao sana. Reed nampenda mno.

Jina la Tatum lina uzito mwingine, na sipendi litajwe bila kusemwa. Mwaka 1978, akichezea Oakland katika ligi ya kulipwa, alimgonga mpokeaji pasi Darryl Stingley katika mechi ya maandalizi, na Stingley hakusimama tena maisha yake yote. Mjukuu wa Darryl, Derek Stingley Jr., aliingia chuo cha LSU, Louisiana, mwaka 2019 akiwa na nyota zake tano, akanasa pasi sita mwaka wake wa kwanza na kuwa bingwa wa taifa. Kila ninapomwona kijana huyo akigeuka hewani kuufuata mpira, namkumbuka babu yake. Na ndiyo, huyo nyota zake zilisema kweli tupu. Wapo wa namna hiyo, siwakatai.

Lakini turudi Iowa. Kati ya 2012 na 2023 tuzo ile ya Tatum-Woodson ilikuja hapa mara sita: Micah Hyde, Desmond King, Josh Jackson, Amani Hooker (ndiyo, Amani, jina letu kabisa), Riley Moss na Cooper DeJean. Hakuna hata mmoja wao aliyefika na nyota tano. Hyde alikuwa mrusha pasi sekondari. Moss alikuwa mkimbiaji wa kuruka viunzi kutoka Ankeny. DeJean, yule mutoto wa Odebolt, alitoka kwenye mji wa watu kama elfu moja, na shuleni kwake ndiye aliyekuwa akirusha pasi.

Watu wa mtandaoni huita hiyo bahati. Bahati gani inarudi mara sita ndani ya miaka 12? Kuna mtu anaitwa Phil Parker. Alikuja hapa mwaka 1999 kufundisha mabeki, tangu 2012 anaongoza ulinzi wote, na mwaka 2023 alipewa tuzo ya Broyles ya kocha msaidizi bora wa nchi. Anachofundisha si siri. Vyuo vingi vinavyosajili vijana wa nyota tano hupenda kukaba mtu kwa mtu: mfuate popote aendapo, mbio kwa mbio. Parker kwa sehemu kubwa hufundisha kulinda eneo. Beki anakaa mahali pake, anarudi kinyumenyume, macho kwa mrusha pasi, na masikio kwa wenzake.

Kazi hiyo ni ya macho kuliko ya miguu. Unajifunza kwamba mpokeaji anaweza kukudanganya kwa kichwa, kwa mabega, hata kwa mikono, ila kiuno hakijui kusema uongo: kikigeuka, mwili wote unakwenda huko. Unajifunza kujua ni lini mrusha pasi ameshaamua. Haya hayaonekani kwenye kambi za majira ya joto ambako vijana hupimwa wakiwa na kaptula, yadi 40 kwa saa ya mkononi, mmoja kwa mmoja, bila mtu anayemkimbilia mrusha pasi. Kule shuleni pasi zenyewe huchelewa kufika. Kijana mwenye mbio hukosea hatua mbili akasahihisha kwa mguu, watu wakapiga makofi. Chuoni ukikosea nusu hatua umeshafungwa.

Tarehe 4 Novemba 2017 Ohio State walikuja hapa uwanjani kwetu, Kinnick. Pasi ya kwanza kabisa ya mechi, Amani Hooker akainasa na kwenda nayo yadi 30 hadi ndani. Uwanja wa watu karibu elfu 70 ukalipuka. Kisha Josh Jackson akanasa tatu, mojawapo kwa mkono mmoja, mwili umenyooka hewani kama mtu anayechuma embe la juu. Mechi ikaisha 55 kwa 24. Sasa huyo Jackson alikuwa wapi kabla ya siku ile? Alikuwa anasubiri. Miaka yake ya mwanzo chuoni aliwatazama waliomtangulia, akiwemo Desmond King, na 2017 ndio msimu wake wa kwanza kuanza mechi moja baada ya nyingine. Alimaliza na pasi nane, sawa na King mwaka 2015. Na idadi hiyohiyo ya nane iliwekwa hapa mwaka 1939 na Nile Kinnick mwenyewe, mshindi wa Heisman aliyecheza mbele na nyuma, aliyefariki katika ndege ya mafunzo ya kijeshi mwaka 1943 akiwa na miaka 24. Uwanja una jina lake. King na Jackson waliifikia nane yake, hawakuipita.

Ndiyo maana kinachonisumbua siku hizi si nyota. Ni kusubiri. Mwaka 2018 lilifunguliwa dirisha la uhamisho, mwaka 2021 mchezaji akaruhusiwa kuhama bila kukaa nje msimu mzima, na mwaka huohuo vijana wakaanza kulipwa kwa kutumia majina yao. Tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi takriban dola milioni 20.5 kwa chuo kwa mwaka wa kwanza. Nafurahi kwamba wanalipwa. Nimefanya kazi za usiku katika nchi hii, najua maana ya kumtajirisha mtu mwingine kwa jasho lako, na vijana hawa waliwatajirisha watu kwa miaka mingi mno. Lakini beki wa nyota tatu aliyekaa benchi miaka miwili sasa ana simu inayoita. Na kocha naye anajiuliza kwa nini amfundishe mtoto misimu mitatu wakati anaweza kumchukua aliyeiva kwa jirani.

Shemeji aliliona hilo haraka. "Beki Caleb Downs tulimtoa Alabama mwaka 2024, Januari iliyofuata tukawa mabingwa. Kungoja kwa nini?"

Jibu lake lina nguvu, nakiri. Ukitaka ubingwa wa taifa, timu iliyojaa nyota nne na tano iko karibu zaidi na kombe kuliko yetu. Mwaka 2023 tulifika fainali ya ligi tukapigwa 26 kwa sifuri na Michigan, na ulinzi ulifanya kila ulichoweza. Lakini Downs naye, kabla hajawa Downs, kuna mahali alifundishwa. Wote wakiwa wanunuzi, shamba atalilima nani?

Kuna mechi moja ninayopenda kuwaonyesha wanaobishana kuhusu nyota. Tarehe 31 Desemba 2022, Music City Bowl, mechi ya kufunga msimu, Nashville, Iowa dhidi ya Kentucky. Xavier Nwankpa, kijana wa hapahapa Iowa aliyekuja na nyota tano, alinasa pasi akakimbia yadi 52 hadi ndani. DeJean, aliyekuja na tatu, akanasa yake na kwenda yadi 14 hadi ndani. Tukashinda 21 kwa 0. Walivaa rangi moja na walikuwa wamefundishwa na mtu mmoja.

Miaka miwili na kidogo baadaye, tarehe 9 Februari 2025, siku DeJean alipotimiza miaka 22, alikuwa na Eagles wa Philadelphia kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya kulipwa. Patrick Mahomes, mrusha pasi wa Kansas City, alikimbilia kulia, akarusha katikati. Itazame picha ile polepole. DeJean hamkimbizi mtu. Amesimama kwenye eneo lake, uso uko kwa Mahomes, na mguu wake unaondoka kabla mtazamaji hajajua pasi inaelekea wapi. Yadi 38, akaingia. Ilikuwa pasi yake ya kwanza kunasa katika ligi ya kulipwa.

Ninaandika haya kwa sababu ya kijana wangu. Ana miaka 14, na wiki iliyopita kocha wake wa shule alimwambia ajaribu kucheza beki. Alirudi nyumbani amenuna. Kwao watoto, mpira ni wa anayerusha na anayefunga, na beki ni yule aliyekosa nafasi. Simu yake tayari ina zile orodha, anajua nyota za wavulana wa Texas na Florida ambao hajawahi kuwaona. Nikamwonyesha ile ya DeJean mara nne bila kusema neno.

Jioni akasema twende nje. Kwenye maegesho ya magari nyuma ya jengo letu, nikasimama na mpira, yeye akaanza kurudi kinyumenyume, magoti yamekunjwa, mikono imelegea. Mara za kwanza alikuwa anautazama mpira, na kila mara alichelewa. Nikamwambia auache mpira, anitazame mimi. Mara ya saba au ya nane nilijifanya narusha kushoto, na yeye akaondoka kulia, akafika kabla ya mpira, akaudaka kifuani kwa mikono miwili.

"Nimeona kiuno chako, baba," akasema, akanirushia mpira turudie.