Mama mkwe anataka DVD

Jamani hivi kuna mtu bado anachoma DVD au nimebaki peke yangu hapa Nkuhungu? Mama mkwe wangu yuko Mvumi, ana deki yake ya kizamani ile ya kufunikwa kitambaa cha kufuma, anataka video ya sendofu ya mdogo wake mama watoto. Nikamwambia mama nakuletea kwenye flashi, akaniuliza baba, hiyo flashi naichomeka wapi? Na kweli deki haina tundu la flashi, ina mdomo tu.

Haya, nikaenda Majengo nikanunua DVD tupu kumi, buku buku, najiona fundi. Video kwenye kompyuta ni GB 4.5, DVD imeandikwa 4.7, hata aliyeishia la saba anajua inaingia. Kompyuta ikagoma, ati nafasi haitoshi! Nikajua nimepigwa. Kumbe kiwandani wanahesabu kwa elfu elfu, kompyuta yenyewe inahesabu kwa 1024, kwa hiyo ile 4.7 ya kwenye kava ikifika kwa kompyuta inakuwa 4.37. Yaani shambani nanunuliwa kwa lumbesa, huku napimiwa kwa debe lililobonyea, sijui mnyonge akimbilie wapi.

Nikakata video, nikatoa kipande chote cha MC maana yule anaongea kama kalipwa kwa neno, nikachoma. Ya kwanza imefika asilimia 98 ndo inasema eror. 98! Si ingekataa mapema nikalala? Ya pili umeme ukakatika katikati, na DVD-R siyo daftari useme utafuta uandike upya, ikiungua nusu ndo imeungua. Ya tatu eror, ya nne eror, mama watoto anapita na chai yake ananiangalia kama nachezea ada ya watoto.

Nikamfuata kijana wa steshenari. Mzee unachoma kwa spidi ngapi? Nikamwambia 16, si ndo imeandikwa juu. Akacheka kile kicheko chao. Weka 4 mzee, funga programu nyingine zote, halafu lenzi yako itakuwa ina vumbi. Vumbi! Kijana, hii ni Dodoma, vumbi tunalo mpaka kwenye mlenda.

Nikaweka 4, ya tano ikaenda mpaka mwisho, nikapanda gari. Kufika Mvumi majirani wamejaa, mama katoa kitenge kipya, natumbukiza, NO DISC. Natoa, napangusa na shati, narudisha, NO DISC. Babu mmoja pale anasema igeuze labda imelala kifudifudi. Kumbe nilichoma faili la MP4 kama lilivyo, na deki za zamani hazijui MP4, zinataka ichomwe kama DVD ya video, yenye folda la VIDEO_TS, na mwisho uifunge diski, usipoifunga deki inaona giza. Ya sita nikasahau kuifunga. Ya saba ilikuwa DVD+R, muuzaji alinichanganyia, na deki ya mama haitaki jumlisha inataka kistari, deki gani ina itikadi namna hii. Na kila mara nauli ya Mvumi, kwenda na kurudi.

Ya nane ikacheza! Nikaiacha pale nikarudi kwangu nikalala kama nimetoka kuvuna.

Wiki kimya, nikajua wanaangalia. Jumamosi mama kapiga: baba, zile mbovu unazo bado? Ninazo mama, saba. Niletee zote, jirani katundika mbili kwenye uwele wake, zinameta hizo, ndege hawasogei.

Nikasema sawa mama, na ile nzima vipi, mmefurahi?

Ile nimeshaitundika juzi upande wa mtama. MC mwenyewe umemkata, na yule si ndo mtoto wa dada yangu!