Meza ya Vitu Vitatu

Kila jioni, muda mfupi kabla ya adhana ya magharibi, bustani ya Forodhani mjini Unguja hugeuka mkahawa. Mchana hapakuwa na kitu isipokuwa nyasi, mabenchi na paka. Ikifika saa moja usiku meza zimekwishatandikwa vitambaa, majiko yamepepewa, taa zimewashwa, na wapishi waliovaa kofia ndefu nyeupe wanawaita wapita njia kwa lugha nne au tano, huku vijana wa mwisho wakijitosa baharini kutoka ukutani. Usiku ukienda sana kila kitu hukusanywa, na mfagiaji wa asubuhi hukuta majivu na vijiti tu. Nimekula hapo tangu utotoni, wakati mwanga ulipokuwa wa karabai, na nikisema kwamba siku hizi napendelea kula samaki kwingine, sisemi kwa kuidharau Forodhani. Nasema kwa sababu naona mkahawa wa jioni moja umeanza kusahau kwamba ni wa jioni moja.

Jina lenyewe linakumbusha kazi iliyokuwa ikifanyika hapo: ndipo palipokuwa na forodha, bidhaa zikishuka kutoka vyomboni na kukaguliwa. Nyuma ya meza ipo Ngome Kongwe, na jirani yake Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883 na ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Bustani nayo ilikarabatiwa kwa msaada wa taasisi ya Aga Khan inayoshughulikia utamaduni, ikafunguliwa upya mwaka 2009, na mpangilio wa wauzaji ukawa nadhifu kuliko tuliokuwa tumeuzoea. Sina ugomvi na mpangilio huo. Ugomvi wangu uko juu ya meza.

Mwezi uliopita nilisimama mbele ya meza mojawapo nikahesabu aina za vitu vilivyopangwa, nikafika kumi na tisa kabla mpishi hajaniuliza kama nimekuja kula au kukagua. Kulikuwa na ngisi na dome, pweza, kamba wakubwa na wadogo, kambakochi waliopasuliwa katikati, magando ya kaa, kome, nguru, jodari, changu, papa, na vipande vyeupe ambavyo kila nilipouliza ni vya samaki gani nilijibiwa, "Samaki mzuri huyo, sheikh wangu." Vyote vilikuwa vimekwishaokwa nusu na kupakwa bizari, vikisubiri kurudishwa motoni mteja anyooshe kidole. Rundo hilo linapendeza kwenye picha, na sina shaka ndiyo sababu linapangwa hivyo. Lakini mkahawa wa namna hii hauna ghala wala chumba cha baridi. Una jiko, ndoo mbili za maji na kasha la barafu lililofika kwa mkokoteni. Hapana siku ambayo bahari yetu huleta vitu kumi na tisa kwa meza moja, tena vyote vibichi, na meza iliyo vilevile Jumatatu na Ijumaa, wakati wa kusi na wakati wa kaskazi, wavuvi wakitoka na wavuvi wakishindwa kutoka, inakiri yenyewe kwamba sehemu ya mali yake ni ya jana, au ya juzi.

Samaki mzima hana siri. Jicho lake likiwa angavu na limetuna, mashavu yakiwa mekundu ndani, na nyama ukiibonyeza ikirudi, humuulizi muuzaji chochote. Aliyekatwa vipande, akachomekwa kijiti na kupakwa manjano, amenyang'anywa ushahidi huo wote. Mgeni wangu mmoja kutoka Bukoba, mtu aliyelelewa kwa sato na sangara, alizunguka meza zile mara mbili kisha akaniuliza vichwa viko wapi, kwa kuwa kwao mtu hamnunui samaki asiyetazamana naye. Nilicheka usiku ule. Baadaye nikaona ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko sote.

Si suala la ladha peke yake. Miaka michache iliyopita nilikula jodari kwenye meza ya namna hiyo, sitasema wapi wala kwa nani, na kabla sijamaliza soda uso wangu ukawa unawaka, masikio yamepata moto, kifua kimeota mabaka mekundu na kichwa kinagonga. Nilidhani ni pilipili. Mfamasia aliyenipa dawa alinieleza kwamba jodari, vibua na samaki wa jamii hiyo wakikaa kwenye joto baada ya kufa, bakteria hutengeneza ndani ya nyama yao kitu kiitwacho histamini, na kwamba moto hauiondoi hata ukimchoma samaki mpaka akawa mkaa. Kinachosaidia ni barafu, kuanzia chomboni. Tangu siku hiyo maneno "usijali, tunakichoma vizuri" hayanitulizi tena, maana kuchoma vizuri kunaua wadudu lakini hakurudishi saa ambazo samaki ameshinda juani.

La bei nalipitia haraka kwa kuwa kila mtu ana kisa chake. Mgeni yuleyule wa Bukoba aliuliza bei, akaambiwa "kula kwanza, tutaelewana," na kuelewana kwenyewe kukawa shilingi 85,000 kwa vijiti vitano na chapati mbili. Wahenga walisema mgeni aje mwenyeji apone. Sidhani walikusudia mwenyeji apone kwa namna hiyo. Ubao wa bei haugharimu zaidi ya kipande cha chaki, na meza zilizo na ubao nimeziona zikipata foleni ya Waswahili wenyewe, jambo ambalo wapishi wangelizingatia kuliko kujifunza neno la tano la Kitaliano.

Sasa ninapokula ni Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, chini ya majumba marefu ya Michenzani, kwa mama mmoja ambaye hutoka na meza yake jioni tatu au nne kwa wiki, bila utaratibu unaoweza kuandikwa kwenye kalenda ya kawaida. Hana jina la biashara. Ana jiko la mkaa la chuma lililokatwa kutoka kwenye pipa, meza ya kukunja, viti sita vya plastiki ambavyo kimoja kina mguu uliofungwa waya, na beseni lenye kifuniko. Vitu vyake ni vitatu: pweza, samaki mmoja mzima wa aina yoyote aliyepatikana siku hiyo, na mkate wa ufuta. Nikimsalimu "Shikamoo, Bi Mkubwa," hujibu marahaba huku akifunua beseni ili nione mwenyewe, kama mtu anayefungua mkoba wake mbele ya askari.

Pweza wake huchemshwa nyumbani bila kuongezwa hata kikombe cha maji, kwa sababu pweza hutoa maji yake mwenyewe na ukimwongezea unamfua ladha. Humtia kitunguu saumu, tangawizi na ndimu, akamwacha mpaka maji yale yamegeuka ya zambarau na yamekaribia kukauka. Akifika barazani hukata minyiri mizima mizima, haikati vipande vidogo, akailaza juu ya makaa yaliyokwisha kufunikwa na jivu, na kuipaka tui zito kwa ufagio mdogo wa makumbi ya nazi. Tui likidondoka kwenye makaa hutoa moshi mtamu ambao huwafanya watoto wa ghorofani wachungulie. Vile vikombe vya minyiri huanza kukaza na kuungua kwenye kingo, vikatafunika kama bisi, ilhali ndani nyama imebaki laini. Anaugeuza mkate wa ufuta kwenye jiko hilohilo, anauchana kwa mikono, anaweka chatne ya nazi na ukwaju pembeni, na unakula kwenye sahani ya bati uliyoipakata, maana meza imejaa.

Niliwahi kumuuliza kwa nini haongezi ngisi na kamba, wateja wakiwapo. Alinitazama kwa mshangao. "Mwanangu, nikiwa na vitu kumi, vitano nitavilaza. Nitavilaza wapi?" Kwa maoni yangu hapo kuna somo zima la uendeshaji wa mkahawa usio na kuta, na limesemwa na mtu asiyevaa kofia nyeupe.

Kalenda yake nimeielewa baadaye. Pweza wake huletwa na dada wa ukoo wake, mmoja wa wanawake wanaochokoa pweza kwenye miamba ya pwani ya mashariki, na kazi hiyo hufuata bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, bahari ya Unguja hupwa na kujaa kwa tofauti inayofikia takribani mita nne, na maji ya kupwa kabisa huangukia kabla ya adhuhuri, kwa hiyo miamba huwa wazi mchana kweupe na mwanamke mwenye kijiti chenye ncha anaweza kuitembea kwa miguu, akitafuta tundu lenye mawe yaliyopangwa mlangoni. Pweza aliyechokolewa saa nne asubuhi huwa ameshapigwapigwa juu ya jiwe, amesafiri kwa daladala na kuingia sufuriani kabla ya alasiri. Maji mafu yakija, siku ambazo bahari haipwi sana, miamba haionekani vizuri, wachokoaji hawaendi, na Bi Mkubwa hukaa nyumbani akashona kofia. Mimi ninayepita na njaa yangu sina budi kujua mwezi uko wapi, na nakiri kwamba kabla ya hapo, nikiwa mtu wa kisiwani kwa kuzaliwa, sikuwa nikiutazama isipokuwa Ramadhani ikikaribia.

Utaratibu huo unamfaa pia pweza. Mnyama huyu hukua upesi mno na haishi zaidi ya mwaka mmoja au mwaka na miezi kadhaa; jike hutaga mara moja, huyalinda mayai yake pangoni bila kula, na yakianguliwa hufa. Ndiyo maana miamba ikiachwa kwa miezi michache tu tofauti huonekana. Wavuvi wa Andavadoaka, kusini-magharibi mwa Madagaska, walianza kufunga sehemu ya miamba yao mwaka 2004, na mtindo huo ukafika kwetu, ambapo wanakijiji wa Kisiwa Panza kule Pemba na wa Kizimkazi hapa Unguja wamekuwa wakifunga na kufungua miamba kwa makubaliano yao wenyewe. Siku ya kufungua huwa kama sikukuu, watu wamesimama ufukweni na vikapu wakisubiri maji yapwe. Meza inayodai pweza kila usiku wa mwaka, hata ya wiki ambazo miamba imefungwa, inampa mtu mahali fulani sababu ya kwenda kuchokoa usiku kwa kurunzi, au ya kuokota pweza ambaye hajafika hata nusu kilo.

Najua nitakavyojibiwa na ndugu zangu wa Forodhani, kwa sababu mmoja wao, tuliyesoma naye chuoni kwa maalim mmoja, amekwishanijibu. Alisema mtalii hukaa Mji Mkongwe usiku mmoja au miwili, anataka kuonja kila kitu, na akikuta meza yenye vitu vitatu atahamia ya jirani yenye thelathini. Hoja hiyo ina uzito na sijifanyi kwamba ninalipa kodi ya meza yake. Hata hivyo meza zote zikiwa na vitu thelathini vilevile, mtalii hachagui chakula bali anachagua sauti ya anayeita zaidi, na hapo ndipo kero ya kuvutana mikono inapozaliwa, ambayo wao wenyewe huilalamikia. Meza moja ikajulikana kwa pweza, nyingine kwa changu mzima, nyingine kwa ngisi pekee, watu watatembea kutoka meza hadi meza kama wanavyofanya kwa muuza juisi ya miwa na muuza urojo, ambao hakuna aliyewahi kuwadai wauze na kambakochi. Dar es Salaam muuza pweza wa mtaani ana sinia moja, vijiti vya meno, bakuli la pilipili na supu ndani ya kikombe, na anamaliza mali yake kila usiku. Sifa ambazo wanaume huipa supu hiyo siwezi kuzithibitisha, lakini sijawahi kusikia mtu akilalamika kwamba sinia halina kamba.

Rafiki yangu alinyamaza kidogo, kisha akasema labda atajaribu wakati wa masika, wageni wakiwa wachache. Nitakwenda kumtazama.

Juzi Jumamosi nilifika Michenzani nimechelewa, nikakuta mnyiri mmoja umebaki jikoni na watu wawili mbele yangu. Bi Mkubwa aliukata sehemu tatu kwa kisu kilekile anachokatia ndimu, akatugawia kila mmoja na kipande cha mkate, akakataa kuchukua pesa kamili kwa kuwa hakikuwa chakula kamili. Kisha akaanza kumwagia majivu maji. Nilipomuuliza kama kesho atakuwapo, alinyanyua uso kuangalia juu ya paa la jumba, pale mwezi ulipokuwa umemegeka nusu.

"Maji mafu," alisema. "Wewe njoo tena wiki ijayo, kuanzia Jumatano."

Nilimsaidia kukunja meza.