Tairi Lilivyopasuka Makaburini

Shemeji yangu wa Tanga alikataa katakata kunywa maji ya makaburini.

"Mbona Wafaransa wanayanywa?" nikamuuliza.

"Wafaransa wanakula konokono, shemeji."

Sikuwa na la kujibu, maana tulikuwa kusini mwa Burgundy, huko huko Ufaransa, kwenyewe kwa konokono hao. Ilikuwa Jumatatu ya Agosti, joto nyuzi 34, na chupa zetu zote zimekauka. Asubuhi tulishuka Tournus kwa treni ya mkoa, ile ya TER inayokuruhusu kupanda na baiskeli yako nzimanzima (TGV, ile ya mwendokasi, itakutaka ulipie nafasi yake, au uifungue vipande uitie kwenye begi). Tukapita mbele ya abasia ya Saint-Philibert, tukashika barabara ya D14, tukapanda hadi Brancion, kijiji cha mawe chenye ngome, halafu tukateremka kuelekea Chapaize.

Raha ya safari hizi ni kuchagua barabara. Katika ramani za Michelin, nyekundu waachie malori, njano waachie wenye haraka. Zako wewe ni zile nyeupe, nyembamba, zinazopinda bila sababu. Humo unaweza kutembea saa nzima ukakutana na trekta moja na paka wawili. Ila barabara huwa kimya kwa sababu hakuna kitu. Kati ya saa sita na saa nane mchana maduka ya vijijini hufungwa, na Jumatatu waoka mikate wengi hupumzika kwa kuwa Jumapili walifanya kazi. Ukibahatika utakuta mashine ya mikate ukutani: unatumbukiza sarafu, mkate mrefu unadondoka. Maji haitoi.

Ndipo waendesha baiskeli wanapokimbilia makaburini. Karibu kila kaburi la kule lina maua, na maua yanataka maji, kwa hiyo getini pana bomba na ndoo za kumwagilia zimetundikwa. Amri ya Napoleon ya mwaka 1804 ilitaka makaburi yatolewe ndani ya makazi, ndiyo maana mengi utayakuta pembeni ya kijiji, barabarani kabisa. Angalia tu kibao: kikiandikwa "Eau non potable", yaani maji hayafai kunywa, geuza baiskeli. Kama hakipo, fungulia maji yatiririke nusu dakika kwanza, kwa sababu yaliyolala kwenye bomba la juani yanatosha kuivisha yai. Na usitegemee mbinu hii wakati wa baridi. Wenyeji huyafunga maji yasigande na kupasua mabomba.

Haya yote nilimweleza shemeji. Akaegemeza baiskeli yake kwenye ukuta mweupe uliokuwa ukichomwa na jua, akaingia kwa adabu zote. Viatu vya baiskeli vina kipande kigumu chini cha kunasia pedali, na juu ya mawe vinapiga kelele. Akaona haya mbele ya marehemu, akavivua. Njia za humo zilikuwa za kokoto, nazo zimepikwa tangu asubuhi. Akawa anarukaruka kwa soksi kutoka kivuli hadi kivuli, anaomba radhi kwa kila kaburi analolipita.

Kengele ya kanisa ikaanza. Ikapiga mara kumi na mbili.

"Magharibi tayari?"

Nikamwambia hawa wanahesabu saa zao kuanzia usiku wa manane. Dakika mbili baadaye ikapiga kumi na mbili nyingine, kama ilivyo desturi ya vijiji vingi, ili aliye shambani aliyepoteza hesabu airudie.

"Ishirini na nne," akasema shemeji. "Hapa kuna mtu amekufa."

Na kweli, bibi mmoja akatokea getini, gauni jeusi, kikapu mkononi. Akatuona: mmoja amechutama bombani, mwingine mwenye kilo 96 yuko bila viatu katikati ya makaburi, machozi yanamtoka kwa sababu ya kokoto. Jirani na hapo pako Taizé, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1940 na Ndugu Roger, ambako vijana humiminika kila kiangazi kusali. Bibi akapiga hesabu zake. Akamshika shemeji mkono, akampeleka mpaka kwenye kaburi la mumewe, akainamisha kichwa, akangoja.

"Anataka nini?"

"Anadhani wewe ni hujaji. Sema neno."

Mtu wa pwani hakosi neno msibani. Shemeji akafumba mikono, akashusha sauti, akatoa pole yenye mwanzo na kati. Mama, pole sana. Hatukujaaliwa kumfahamu mzee, lakini kaburi lake tu linaonyesha alikuwa mtu wa watu. Kazi ya Mungu haina makosa. Bibi haelewi hata silabi moja, anatikisa kichwa tu, anafuta macho. "Na sisi sote," akaendelea shemeji, "njia yetu ni hiyo hiyo, tofauti ni saa tu, na saa yenyewe haipigi hodi..."

PAA!

Njiwa wote wakatoka mnarani. Bibi akapiga ishara ya msalaba, akalikumbatia jiwe la mumewe. Shemeji alikuwa amelala kifudifudi kwenye kokoto zile zile alizozikimbia, anatamka shahada.

Lilikuwa tairi lake la nyuma.

Kisa chake kilianzia mteremko wa Brancion. Baiskeli ilikuwa ya kukodi, tairi za milimita 28. Kwa kilo zake zilitaka upepo wa PSI 80 hivi, lakini yeye aliziacha kwenye 50, eti zikijaa zinamrusha. Upepo ukipungua, tairi likigonga ukingo wa kiraka cha lami, ringi inaubana mpira wa ndani hadi chini, inaacha matundu mawili sambamba kama meno ya nyoka. Akafunga mpira wa akiba. Kipande cha mwisho cha tairi kilipokuwa kigumu, badala ya kuzisukuma kingo zote mbili ziingie katikati ya ringi, ambako ndiko kuna nafasi, kisha amalizie kwa vidole gumba, alitumia kijiti cha plastiki. Kijiti hubana mpira. Nikamsihi azunguke ringi nzima, akilisukuma tairi pembeni huku na huku, kuona kama mpira haujachungulia. "Shemeji, Tanga tunaziba pancha tangu utotoni." Mpira uliolaliwa na ukingo wa tairi haupasuki hapo hapo. Huusukuma ukingo nje kidogo kidogo, na upepo wa ndani ukipata joto la ukuta mweupe, unamaliza kazi.

Ulichanika urefu wa kidole, hauzibiki. Mpira wangu wa akiba ulikuwa na valvu ya milimita 42, na ringi za baiskeli yake ni za madoido, kimo chake milimita 50, kwa hiyo valvu haikutokeza hata ncha. Ukikodi baiskeli ya namna hiyo, usiondoke bila mipira miwili ya valvu ndefu.

Ukabaki ule wa kwanza wenye meno ya nyoka. Bibi, ambaye sasa alikuwa anacheka hadi anashika mbavu, akajaza ndoo ya kumwagilia, akauzamisha mpira yeye mwenyewe. Shemeji akaona povu moja, akachukua msasa. Bibi akampiga kofi la mkono, akamwonyesha vidole viwili. Kumbe marehemu alikuwa mtu wa baiskeli. Shemeji akapaka solusheni, akataka kubandika papo hapo, akapigwa tena. Inapakwa nyembamba, inaachwa dakika tano mpaka ipoteze mng'aro, ndipo kiraka kinabandikwa na kukandamizwa. Tairi akalirudisha bibi kwa vidole gumba, bila kijiti, akazunguka ringi yote akikagua. Shemeji akatazama minazi ambayo haipo.

Halafu bibi akatoa kwenye kikapu chupa ya maji, akampa. Akainywa yote bila kupumua. "Haya ndiyo maji," akasema. Sikumwambia kwamba nilimwona bibi akiyakinga bombani alipokuwa akijaza ndoo.

Tulikuwa tumefikia PSI 60 kwa pampu ya mkono nilipoona geti limejaa. Mlipuko ulikuwa umewatoa majirani mezani, na bibi akawa anawahadithia jinsi hujaji wa Taizé alivyomwombea mumewe. Mama mmoja akamshika shemeji kiwiko, akamwonyesha kaburi lenye maua ya waridi. Nyuma yake mzee mwenye fimbo akawa anangoja zamu yake.

"Shemeji, wape hata kwa ufupi," nikasema. "Ni watu wenye misiba."

Akawapa. Ya mama ilikuwa na mwanzo na mwisho tu. Ya mzee mwenye fimbo aliitoa akiwa keshapanda baiskeli, mguu mmoja chini, jicho kwenye tairi la nyuma.