Ukuta wa Duka Unaotazamana na Shule

Duka moja hapa Malindi, hatua chache tu kutoka lango la shule ya msingi, limepakwa rangi nyekundu kutoka msingi hadi kwenye paa. Katikati ya ukuta kuna katuni ya mnyama aliyevaa miwani, kakumbatia pakiti ya kripsi. Wiki iliyopita nilikuwa hapo saa nne, watoto walipotoka mapumziko. Mmoja, wa darasa la pili au la tatu, alikuwa na shilingi 10 mkononi. Kando ya mlango mama alikuwa anauza mihogo ya kuchoma, kaipaka pilipili na ndimu. Mtoto akampita, akanyoosha kidole ukutani: "Nataka za huyo." Jina la kripsi hakulijua. Aliijua sura.

Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zipunguze matangazo ya vyakula vyenye sukari, chumvi na mafuta mengi yanayowalenga watoto. Mwaka 2023 likaenda mbali zaidi: iwe sheria ya lazima, kampuni zisiachiwe kujichunga zenyewe. Chile ilianza mwaka 2016, na katuni zikaondoka kwenye pakiti za vyakula vilivyozidi kiwango. Quebec, kule Kanada, ilishawakinga watoto walio chini ya miaka 13 dhidi ya matangazo ya biashara tangu 1980.

Naona Kenya nayo iweke sheria ya namna hiyo. Wanaoipinga wana hoja, na ile nzito kuliko zote inatoka papa hapa kwetu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 37 ya watoto wa chini ya miaka mitano katika Kaunti ya Kilifi wamedumaa, ilhali kwa Kenya nzima ni asilimia 18. Basi mtu huuliza: mtoto wa Kilifi amekosa chakula, nyinyi mwahangaika na matangazo ya kripsi? Ni kweli kwamba udumavu huanzia tumboni na katika miaka miwili ya kwanza, na chanzo chake kikubwa ni umaskini. Kufuta katuni ukutani hakutauondoa. Lakini mimi nageuza hoja hiyo. Nyumba yenye shilingi 10 ya kuchezea haina ya pili. Ikienda kwenye kripsi au maji ya rangi na sukari, haikwenda kwenye yai wala mbaazi, na mdogo wa mtoto huyo aliye nyumbani huletewa masazo ya pakiti ileile. Umaskini ndio unaofanya tangazo liumize zaidi.

Hoja ya pili ni ya mwenye duka, na sitaki kuipuuza. "Rangi hii sikutoa hata ndururu," aliniambia. "Na friji wamenipa wao." Sharti la kampuni iliyompa ni kwamba ndani zikae soda zake pekee. Anayeishi pwani anajua jinsi chumvi ya bahari inavyokwangua ukuta. Kupaka upya kila mara ni gharama. Ukimwondolea tangazo bila kumpa kitu, umemwadhibu yeye, na kampuni haikuguswa.

Kuna na wanaohofia kwamba sheria itamfikia mama wa mabuyu na kashata, maana sukari yake nayo si haba. Hofu hii naiona ndogo. Kinachozuiwa ni tangazo, kuuza kunabaki palepale, na mama wa mabuyu hana katuni wala bango.

Tena jambo hili si geni kwetu. Sheria ya mwaka 2007 ilizuia matangazo ya sigara, na ya 2012 ikazuia kampuni za maziwa ya kopo kuwashawishi akina mama. Katiba yenyewe, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya lishe ya msingi. Ninachohofia ni sheria itakayoandikwa Nairobi ikiiwaza runinga tu. Mtoto huyu hakuona runinga asubuhi ile. Aliona ukuta, akaona friji, na kesho ataona fulana za mashindano ya michezo zenye nembo ya soda. Kuta zinazozunguka shule ndizo za kuanza nazo.

Nilimuuliza mwenye duka kama angekubali ukuta mweupe. Akafikiri kidogo, kisha akauliza: "Chokaa atalipa nani?" Kwa maoni yangu, alipe aliyeleta nyekundu, na iandikwe hivyo ndani ya sheria.