Anayefuta jina la mgonjwa aonyeshe jinsi anavyolifuta

Hivi karibuni nilipokea mkusanyiko wa picha za CT kwa ajili ya utafiti, ukiwa na maelezo yaliyosema wazi kwamba utambulisho wa wagonjwa umeondolewa. Niliyaamini maelezo hayo hadi nilipofungua faili mojawapo na kuzisoma taarifa zote zilizoambatana na picha. Sehemu ya jina ilikuwa tupu, tarehe ya kuzaliwa haikuwapo, na namba ya mgonjwa ilikuwa imebadilishwa. Lakini chini zaidi, katika lebo iliyoongezwa na mtengenezaji wa mashine, jina la mgonjwa lilikuwapo lote. Nilipowaandikia walionitumia, walinijibu kwamba kazi hiyo ilifanywa na programu ya kampuni inayoheshimika, na kwamba namna programu hiyo inavyofanya kazi ni siri ya kibiashara.

Jibu hilo lilinikera kuliko kosa lenyewe. Mgonjwa aliyekubali picha zake zitumike katika utafiti aliahidiwa kwamba hatajulikana, na hakuna aliyemwambia kwamba ahadi hiyo ingetekelezwa na programu ambayo hata watafiti hawaruhusiwi kuikagua. Kampuni na iendelee kuficha jinsi inavyoboresha mwonekano wa picha, lakini hatua ya kufuta utambulisho wa mtu inapaswa kufanywa na programu huria, ambayo msimbo wake unaweza kusomwa na yeyote.

Wanaozifahamu faili za DICOM, kiwango kinachotumika kuhifadhi na kusafirisha picha za kitabibu, wanajua kwa nini nasisitiza jambo hili. Picha na taarifa za mgonjwa husafiri ndani ya faili moja, na kiwango chenyewe kimewaachia watengenezaji makundi ya lebo yenye namba witiri ili waweke humo mambo yao wenyewe. Kinachowekwa humo hutofautiana kati ya kampuni na kampuni, na wakati mwingine hata kati ya toleo moja la mashine na jingine. Sehemu ya 15 ya kiwango hicho ina jedwali refu linaloeleza lebo ipi ifutwe, ipi ibadilishwe na ipi iachwe tupu, lakini programu inayodai kulifuata jedwali hilo haiwezi kuthibitishwa kwa madai yake yenyewe.

Linganisha hali hiyo na Orthanc, seva huria ya picha za kitabibu iliyoanzishwa na Sébastien Jodogne katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Liège, Ubelgiji, na kutolewa kwa umma mwaka 2012. Ukiiagiza iondoe utambulisho, hutengeneza nakala mpya na kuondoa lebo zote binafsi za watengenezaji, isipokuwa uiamuru kuzibakiza. Na anayetilia shaka maneno yangu anaweza kufungua msimbo na kujisomea. Katika XNAT, mfumo huria wa kutunza picha za utafiti uliotoka Chuo Kikuu cha Washington mjini St. Louis, maagizo ya kusafisha lebo huandikwa kama maandishi ya kawaida, na kila mradi unaweza kuwa na yake. Mtafiti aliye mbali anaweza kutumiwa maandishi hayo, akayapitia mstari kwa mstari, akagundua lebo iliyosahaulika kabla mgonjwa hajadhurika.

Tena lebo ni sehemu moja tu ya kazi. Picha nyingi za ultrasaundi huwa na jina lililochapwa ndani ya pikseli zenyewe, na MRI ya kichwa hubeba sura ya mtu. Mwaka 2019 watafiti wa Mayo Clinic, taasisi ya tiba ya Marekani, walionyesha kwamba, kati ya watu 84 waliojitolea, programu ya kutambua nyuso iliwaoanisha kwa usahihi 70 na picha zao za kawaida kwa kutumia nyuso zilizoundwa kutoka MRI. Programu za kuondoa uso, kama pydeface, ziko wazi, hivyo tunaweza kuangalia zimekata nini na kama zimegusa ubongo tunaotaka kuupima.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba msimbo ulio wazi usiosomwa na mtu haumlindi yeyote, na kwamba seva ya Orthanc iliyoachwa kwenye intaneti bila ulinzi itavujisha picha kama seva nyingine yoyote. Hata The Cancer Imaging Archive, hifadhi ya picha za saratani iliyoanza mwaka 2011, ambayo hutumia programu huria kusafisha lebo, haikuiachia programu kazi yote. Watu huzikagua picha kabla hazijatolewa. Ukaguzi huo unagharimu muda na mishahara, na anayedhani programu huria ni njia ya kuukwepa hajaielewa kazi hii.



Kwa hiyo ninaziomba kamati za maadili ya utafiti zisiridhike na sentensi inayosema kwamba utambulisho utaondolewa. Zidai jina la programu, toleo lake, na maagizo kamili ya kusafisha lebo, yakiambatanishwa na ombi kama zinavyoambatanishwa fomu za ridhaa. Na pale mwombaji anaposema maagizo hayo ni siri ya kampuni, ombi lirudishwe hadi atakapopata chombo kinachokaguliwa.