Mgongo wa kaka na bomba la Hamburg

Mbukwenyi ndugu zangu. Leo kazini nimenyanyua boksi la vigae la kilo 25 kwa mkono mmoja, nusura nilie.

Hapa ghalani Hamburg wamefunga mashine mpya. Bomba linaning'inia darini, linalinyonya boksi kwa hewa, wewe kazi yako kuliongoza tu. Msimamizi hakuficha sababu: wazee wawili waliacha kazi kwa maumivu ya mgongo, na nafasi zao zikakaa miezi bila mtu. Ujerumani waliozaliwa miaka ya 1950 na 1960 ni wengi, ndio wanaostaafu sasa, na vijana hawatoshi kuziba mapengo. Basi tajiri kanunua mashine ili tuliobaki tusiondoke. Hakuna aliyepunguzwa hata mmoja.

Nikaikumbuka Kibaigwa, soko la mahindi kule kwetu Dodoma. Kaka yangu alibeba mahindi pale sokoni miaka tisa. Gunia la kilo 100, na hilo ndilo la halali. Lumbesa, gunia lililojazwa kupita kipimo, mnaijua wenyewe. Gunia begani, ubao unanesa, fuso inasubiri. Shirika la Kazi Duniani lilishapendekeza mwaka 1967 kwamba mzigo wa mwanaume mmoja ushushwe hadi kilo 55. 1967! Kaka hajazaliwa. Leo ana miaka 41, na akitaka kufunga kamba za viatu anashika ukuta kwanza.

Najua kuna atakayesema, "Umefika Ulaya juzi tu, ushaanza kutudharau." Simdharau mtu. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye bega lile, na huku sijaona watu wenye nguvu na nidhamu kama makuli wa Kibaigwa. Ndiyo maana inaniuma.

Mwingine atasema vijana wamejaa, mashine itawanyima ugali. Wamejaa wapi? Kijana anabeba misimu miwili, akipata cha kuanzia anachukua pikipiki ya mkataba, kesho unamkuta stendi anagombea abiria. Mwenye ghala anaanza upya na mgeni asiyejua hata kupanga mzigo, magunia yanapasuka, halafu analalamika vijana wa siku hizi wavivu. Jamani, si uvivu. Kila mmoja amemwona aliyemtangulia anavyotembea.

Wala sidai bomba la kunyonya hewa. Nataka mkanda wa kupandisha magunia kwenye gari, wenye mota, na injini ya dizeli ya akiba umeme ukikatika. Fundi anayeunda mashine ya kukamua alizeti anashindwaje kuchomelea mkanda? Na kuli abaki palepale, apange mzigo na alipwe kwa gunia kama kawaida.

Nilimpigia tajiri mmoja wa huko nikamweleza haya. Akanijibu bega halinywi dizeli. Hela ya dawa za kaka naituma mimi kila mwezi, yeye hajawahi kuchangia hata shilingi.

Nimeanza kuweka akiba ya mota. Mwenye kumjua fundi mzuri Kibaigwa au Kongwa mjini anielekeze.