Mgonjwa wa presha haanzi na dawa moja

Inaudhi kuona mgonjwa mwenye presha ya 170/100 akitoka kliniki na mstari mmoja tu kwenye cheti: amlodipini (dawa ya kulegeza mishipa) miligramu 5, rudi baada ya mwezi. Akirudi na 155, anapandishiwa hadi 10. Vifundo vya miguu vinavimba, anaacha dawa kimyakimya, na safari nyingine ya hospitali analetwa na kiharusi.

Presha hushikiliwa na njia kadhaa: mishipa iliyokaza, chumvi na maji mwilini, homoni zinazoanzia kwenye figo. Ukiziba moja, nyingine zinafidia. Ndiyo maana kuongeza dawa ya kundi jingine hushusha presha takriban mara tano zaidi ya kuongeza maradufu dozi ya dawa ile ile, ilhali madhara ya amlodipini hupanda na dozi.

Na ushahidi umetoka kwa Waafrika wenyewe. Utafiti wa CREOLE wa mwaka 2019, watu 728 katika nchi sita, Kenya na Uganda zikiwemo, ulionyesha kwamba amlodipini pamoja na haidroklorothiazaidi (dawa ya kutoa chumvi na maji kwa mkojo), au pamoja na perindopril (dawa ya kuzuia zile homoni), inashinda mchanganyiko usio na amlodipini. Mwaka 2024 yakaja matokeo ya utafiti wa VERONICA kutoka Abuja, Nigeria: watu 300, wengine wakipewa kidonge kimoja chenye telmisartan (nayo huzuia zile homoni), amlodipini na indapamaidi (ya kutoa chumvi na maji) kwa dozi ndogo. Baada ya mwezi mmoja, asilimia 81 ya waliopewa kidonge hicho walikuwa chini ya 140/90. Waliotibiwa kwa utaratibu wa kawaida, kuanzia na amlodipini peke yake, walikuwa asilimia 55. Mwezi mzima wa hatari umeepukwa!

Sawa, mjamzito asipewe telmisartan, humdhuru mtoto tumboni. Indapamaidi nayo hushusha potasiamu na sodiamu, kwa hiyo damu ipimwe.

Chumvi ya chakula ambayo sehemu ya sodiamu yake imebadilishwa na potasiamu pia inafaa; huko China mwaka 2021 ilipunguza kiharusi kwa asilimia 14. Mwenye ugonjwa wa figo asiiguse.

Shirika la Afya Duniani liliweka vidonge vyenye dawa mbili za presha ndani ya kimoja kwenye orodha ya dawa muhimu tangu 2019. Pale ambapo havijafika, daktari anaweza kuandika leo hii amlodipini 5 na haidroklorothiazaidi 12.5, yaani nusu ya kidonge cha 25, vimezwe pamoja asubuhi. CREOLE ilianza na dozi hizo hizo, ikaziongeza maradufu baada ya miezi miwili. Ni dawa za zamani, za bei ndogo.